Mwanafunzi wangu alisema mara mbili, hakusikika. Sasa nimsainie au nisimsainie?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi mkunga, nina umri wa miaka 41, na miaka 14 yote ya kazi yangu nimeitumia wodi ya wazazi katika hospitali moja ya mkoa. Naomba mkoa wenyewe nisiutaje. Huu ni mwaka wa tano tangu nikabidhiwe wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Wanakuja na madaftari mapya na viatu vinavyowabana, nakaa nao wiki nane, wanaondoka, wanakuja wengine. Silipwi senti ya ziada kwa kazi hii na sijawahi kuomba nipunguziwe. Naipenda.

Somo ninalolipigania kuliko yote ni namna ya kutoa taarifa ya mgonjwa. Kutafuta mshipa mtu anajifunza. Ila kumpigia daktari wa zamu saa nane usiku, ukaeleza kwa nusu dakika, akaelewa na akainuka kitandani, hilo wengi wanamaliza chuo bila kuliweza. Natumia ule mpangilio wa hatua nne, SBAR, ambao nimeugeuza Kiswahili ili wauelewe: Hali, Historia, Tathmini, Ombi. Mimi ni nani, niko wapi, mgonjwa yupi, kuna nini sasa hivi. Amejifungua lini, ana tatizo gani la nyuma, amepewa nini. Mimi naona ni nini. Naomba kifanyike nini, na kwa haraka gani. Wakishaelewa nawataka waseme kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wao ni wa Kiingereza na madaktari wetu wengi ndivyo wanavyopenda.

Kila Jumanne raundi ikiisha tunasimama kando ya kitanda tunafanya mazoezi. Simu yetu ni boksi tupu la glavu. Mmoja anakuwa muuguzi, mimi nakuwa daktari mwenye usingizi na hasira.

Shangazi, kuna binti nitamwita Neema. Yuko mwaka wa pili wa stashahada. Mikono yake ni ya kazi, akiweka kanula harudii mara mbili, na akina mama wanamwita kwa jina. Tatizo lake ni sauti. Anaongea na mkubwa kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Jumanne moja nilimpa lile boksi, akaanza, "Samahani dokta, kama una nafasi, kuna mgonjwa hapa..." Nikamkatisha mbele ya wote: "Unaongea kama mtu anayeomba nauli stendi. Mpaka umalize, mgonjwa ameshakufa." Wenzake wakacheka. Na mama mmoja kitandani akacheka. Neema akatazama viatu vyake, akarudisha boksi mezani.

Siku tisa baadaye alikuwa zamu ya usiku. Mimi nilikuwa nyumbani. Wauguzi walikuwa wawili kwa akina mama 23, na mmoja wa hao wawili ni rafiki yangu wa karibu, tumesoma wote, nilimsimamia harusi yake. Mama wa kitanda namba 9 alikuwa amejifungua saa nne na nusu usiku, salama. Neema alipewa kazi ya kumpima kila baada ya muda. Saa sita na nusu alimwendea rafiki yangu, ambaye alikuwa chumba cha kuzalishia na mama mwingine anayesukuma, akamwambia, "Dada samahani, ukipata nafasi naomba umwangalie mama wa kitanda cha tisa." Akajibiwa, "Subiri." Saa saba akarudi: "Dada, mapigo yake yanapanda." Akajibiwa, "Nimekwambia subiri, huoni niko na mtoto mkononi?" Neema hakurudi tena. Alikwenda kukaa pembeni ya yule mama akamshika mkono.

Saa nane kasoro robo rafiki yangu alipopita, alifunua shuka. Khanga mbili zilizokunjwa chini ya mama zilikuwa zimelowa mpaka kwenye godoro. Namshukuru Mungu, na rafiki yangu namshukuru, maana alijua la kufanya: alikanda tumbo, akaongeza dawa, akaweka dripu ya pili, akamwita daktari. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji, akaongezewa chupa mbili za damu. Aliruhusiwa baada ya siku sita akiwa na mwanawe mgongoni.

Asubuhi kwenye kikao inchaji, yaani muuguzi mkuu wa wodi, alisema, "Wanafunzi wa siku hizi hawasemi, wanakaa na mgonjwa mpaka anaharibika." Wote tukaitikia kwa kichwa. Mimi pia. Rafiki yangu hakusema kwamba alifuatwa mara mbili. Mimi nilikuja kujua mchana, Neema aliponieleza huku analia, na mwanafunzi mwenzake aliyekuwepo akathibitisha. Kisha Neema akatoa mfukoni kipande cha karatasi alichoandika usiku ule. Saa sita: mapigo 92, presha 118/72. Saa sita na nusu: 104, 112/70. Saa saba: 118, 104/66. Saa saba na nusu: 128, 92/54. Yote alikuwa nayo, Shangazi. Hakuisoma kwa mtu.

Sasa zimebaki siku 11 wamalize. Kwenye kitabu chake cha vitendo kuna mstari unaosema mwanafunzi anaweza kutoa taarifa ya mgonjwa kwa ufasaha na kwa wakati. Natakiwa niweke saini kuwa amefuzu, au niandike hajafuzu. Nikiandika hajafuzu anarudia wodi nzima mwakani na kulipa ada tena, na baba yake ni mwendesha bodaboda. Nikisaini, naogopa mama mwingine usiku mwingine. Na je, niseme kwenye kikao alichofanya rafiki yangu? Juzi Neema amenitumia ujumbe: "Mwalimu, nadhani uuguzi si kazi yangu. Nisamehe kwa kukuangusha." Sijamjibu. Usingizi sipati.

Mlezi wa wodi ya wazazi

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza pole. Na pili, ahsante kwa kunitajia kwamba yule mama alitoka na mwanawe mgongoni, maana nilisoma barua yako moyo uko juu mpaka nilipofika hapo. Niliwahi kuvaa gauni jeupe na kufanya kazi kama yako, kwa hiyo khanga zilizokunjwa nazijua. Nimekusoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikawa napiga mstari.

Unaniuliza kuhusu saini. Lakini nikikusikiliza vizuri, saini ni ile sehemu tu yenye tarehe. Nyuma yake yapo mengine mawili yanayokukosesha usingizi zaidi: uliitikia kwa kichwa kwenye kikao jambo ambalo baadaye umejua halikuwa kweli, na kuna Jumanne moja ambayo ungependa uirudishe. Nikikosea nisahihishe, lakini nadhani hata ungesaini leo usiku bado usingelala.

Niruhusu nianze na neno moja ambalo limeenea barua yako yote bila wewe kulikagua. Inchaji alisema mwanafunzi "hakusema". Wewe mwenyewe umeandika kwamba alisema mara mbili. Saa sita na nusu alisema vibaya, nakubali: hakutaja tatizo, alificha hofu yake ndani ya "ukipata nafasi". Lakini saa saba? "Dada, mapigo yake yanapanda." Hilo ni sentensi fupi, ni kweli, na kwa mkunga wa miaka mingi lina uzito mkubwa. Mama kijana mwenye afya akivuja damu, mwili unalificha hilo kwa muda. Mapigo yanakimbia kwanza, presha inakuja kushuka mwishoni, na ukingoja presha ishuke ndipo uamini, umechelewa. Binti wa mwaka wa pili aliona kile kinachotangulia na akakitaja. Alichokosa ni namba na ombi. Je, hicho ndicho unachokiita kushindwa? Huenda ndicho. Nataka tu ukipime kwa kilivyokuwa, usikipime kwa kauli ya kikao.

Mpangilio unaoufundisha una historia ambayo huenda itakufaa hapa. Ulitoka kwa mabaharia wa nyambizi za nyuklia za Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa hospitali za Kaiser Permanente kule Colorado wakauchukua na kuufanya wa wauguzi na madaktari. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza kwa makabidhiano ya wagonjwa, na katika mapendekezo hayohayo likataka anayepokea taarifa apewe nafasi ya kuuliza na airudie kwa mdomo wake kuonyesha ameipata. Kipande hicho cha mwisho, cha mpokeaji, ndicho kinachopotea kila mahali ninapoona ukifundishwa. Ndani ya nyambizi wanaoujua utaratibu ni wote wawili, anayesema na anayesikia. Sisi tunawafundisha wanafunzi peke yao, halafu tunawapeleka kwa watu ambao hawajawahi kushika lile boksi la glavu.

Na tukiwa kwenye boksi la glavu, mwanangu: mazoezini wewe unakuwa daktari mwenye usingizi na hasira. Ni zoezi zuri, liendelee. Lakini usiku ule Neema hakukutana na daktari. Alikutana na dada mwenye glavu zenye damu, anayemzalisha mtu mwingine, anayesema "subiri". Nani kati yenu alishawahi kuigiza huyo? Na mwanafunzi akiambiwa subiri mara mbili, ulishamwambia afanye nini ya tatu? Hospitali nyingi za Marekani zina kanuni inayosema ukitaja hatari mara mbili na hukusikilizwa, panda ngazi, nenda kwa mwingine mwenye uwezo. Neema alifika mpaka ukingo wa kanuni hiyo bila kuijua. Alisema mara mbili. Kisha hapakuwa na ngazi. Kulikuwa na muuguzi wa pili wodini, kulikuwa na simu ya daktari, na kwa mwanafunzi vyote viwili ni kama mlango wa nyumba ya watu: haugongi mpaka uwe umekaribishwa. Kama ulishawakaribisha kwa maneno ya wazi, basi nimekuonea. Katika barua yako sikuliona hilo.

Sisemi haya ili nikuondolee Neema mzigo wake. Sauti ya chini inaua, na si kwa wauguzi tu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa ndege wa Tenerife, Visiwa vya Canary, ndege moja ilianza kukimbia kupaa wakati nyingine ilikuwa bado kwenye njia ileile. Ndani ya ile inayopaa, mhandisi wa ndege aliuliza kama mwenzao hajatoka njiani. Aliuliza kwa njia ya swali, rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba ametoka, na mhandisi hakuuliza tena. Walikufa watu 583. Mhandisi alikuwa mtu mzima mwenye ujuzi wake, si binti wa mwaka wa pili. Kilichomnyamazisha ni heshima ya kiti cha mkubwa. Baada ya ajali hiyo watu wa ndege hawakuishia kuwafundisha wadogo kupaza sauti, waliwarudisha marubani wakuu darasani kujifunza kusikiliza.

Kwetu heshima ina mizizi mirefu zaidi, na mimi siwezi kumshauri mtu aing'oe. Huyu binti amelelewa asimkatize mkubwa, na malezi hayo ndiyo yanayowafanya akina mama wamwite kwa jina. Jaribu kumpa maneno ambayo ndani yake heshima na uwazi vinakaa pamoja. "Shikamoo dada. Kitanda cha tisa mapigo 118, nusu saa iliyopita yalikuwa 104. Nina wasiwasi anatoka damu. Naomba uje sasa, au niambie nimwite nani." Shikamoo imechukua sekunde moja. "Samahani" na "ukipata nafasi" ndivyo vilivyokula ujumbe. Na ile "niambie nimwite nani" mwishoni inamsaidia hata huyo dada mwenye mtoto mkononi, maana anaweza kujibu bila kuacha alichoshika.

Halafu kuna lugha. Unawafundisha kuelewa kwa Kiswahili na kusema kwa Kiingereza. Sababu zako ni za kweli: mtihani ni wa Kiingereza, faili linaandikwa kwa Kiingereza. Lakini yale mazungumzo ya saa sita na nusu yalikuwa ya lugha gani? Ya Kiswahili, kama yalivyo mazungumzo yote ya wodini usiku. Inawezekana mwanafunzi wako anaijua SBAR kama shairi la Kiingereza la siku ya Jumanne, na hofu ikimshika anarudi kwenye lugha yake, ambako hana shairi lolote. Ungeanza na Kiswahili mpaka kitoke bila kufikiri, kisha Kiingereza, je? Hatari yake ni kwamba wiki nane ni chache na wengine watafika mtihanini hawajakomaa. Hilo wewe ndiye unayejua kulipima kuliko mimi.

Hapa nitakaa kidogo kwenye zile khanga, kwa sababu zinanisumbua. Neema alikuwa na namba za mapigo na presha. Namba ya damu hakuwa nayo, na huenda ndiyo maana hakuamini macho yake. Damu ikiingia kwenye khanga iliyokunjwa inapotea. Wakati wangu tulikuwa na zoezi moja la bei ndogo sana: unachemsha rozela, unaiacha ipoe, unamwaga nusu lita juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, unawaita wanafunzi na kuwauliza ni kiasi gani. Kila mtu anataja kidogo kuliko ilivyo. Nilishasikia "mililita 150" kwa sauti ya uhakika kabisa. Kisha unaweka khanga kwenye mizani ya watoto, unatoa uzito wake ilipokuwa kavu, gramu moja kwa mililita moja, na wodi nzima inanyamaza. Nusu lita ndicho kipimo ambacho kwa miaka mingi tumekitumia kusema mama aliyejifungua kawaida ametoka damu kupita kiasi, na pale kwenye khanga inaonekana kama doa la kawaida.

Huenda umesikia utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Waliweka chini ya mama plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, na damu ikifika mstari tiba zote zikatolewa kwa mkupuo, bila kungoja moja ishindwe ndipo ije nyingine. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Tiba zenyewe hazikuwa ngeni kwetu, tulikuwa nazo. Mimi ninachokiona pale, kama mtu wa kufundisha kusema, ni kwamba mstari kwenye plastiki unampa mdogo kauli ambayo mkubwa hawezi kuibishia. "Anatoka damu nyingi" inaweza kujibiwa "subiri". "Imefika 500" haijibiki hivyo.

Tuje kwenye kitabu chake. Naziona njia tatu, na sioni hata moja isiyo na mwiba.

Unaweza kusaini. Utakuwa umeokoa mwaka wake na ada ya baba yake, na kwa kiasi fulani utakuwa umesema kweli, kwamba aliona na alisema. Lakini jiulize Neema mwenyewe ataipokeaje saini hiyo. Mtu anayeamini ameshindwa akipewa alama ya kufuzu bila mazungumzo anaweza kuiona ni huruma, na huruma ya aina hiyo inamnyamazisha mtu zaidi. Wewe pia utabaki na yule mama mwingine wa usiku mwingine.

Unaweza kuandika hajafuzu. Kitabu kile ni ahadi kwa wagonjwa ambao hamjawaona, na sitakudharau ukichagua hivyo. Ila pima kama utakuwa unamhukumu kwa kipimo ambacho dada yake wa zamu asingekipita usiku uleule. Ukiandika kwa sababu ya tukio lile peke yake, wenzake waliocheka Jumanne watajifunza kitu, na naogopa watakachojifunza ni kwamba ukigusa tatizo linakurukia, afadhali ukae kimya kabisa.

Au unazo siku 11. Siku 11 kwa mwanafunzi mmoja, zamu tatu nne pembeni yako, ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Umkabidhi wagonjwa wawili, atoe taarifa kwako kila zamu, kisha kwa mwenzako, kisha kwa daktari halisi kwa simu halisi nawe umesimama karibu bila kumdokeza. Ndipo usaini au usisaini kwa ulichokiona. Mwiba wa njia hii ni wewe: wodi yenye wauguzi wawili kwa akina mama 23 haina nafasi ya ukarimu huo, utautoa kwenye mapumziko yako, na wanafunzi wengine wataona mmoja anapendelewa. Huenda ukaweza kuwaingiza wote humohumo. Chuo nacho kina mkufunzi wake anayefuatilia vitabu hivi, na sikuona umemtaja. Kabla hujaamua peke yako, je, yeye anaruhusiwa kuongeza muda?

Rafiki yako. Hapa nakwenda polepole, kwa sababu mtu uliyemsimamia harusi si mfanyakazi mwenzako tu. Umeniandikia kwamba hakusema kwenye kikao. Unajua ni kwa nini? Inawezekana aliogopa. Inawezekana pia kwamba hakumbuki vizuri: mtu akiwa anapokea kichwa cha mtoto, maneno yanayopita nyuma ya bega lake hayaingii. Na tusisahau ni yeye aliyefunua shuka, na mikono yake ndiyo iliyomtoa yule mama kwenye hatari. Ukilipeleka jambo kikaoni kabla hujakaa naye, utakuwa umemfanyia kile alichofanyiwa Neema: kuhukumiwa mbele za watu bila kuulizwa. Ukilinyamazia moja kwa moja, uongo uliosemwa asubuhi ile utabaki kuwa ndio kumbukumbu ya wodi, na unamwangukia asiye na cheo. Kati ya hayo mawili kuna chai ya watu wawili jikoni kwako. Umwonyeshe ile karatasi. Umuulize alikumbukaje. Sijui atasema nini. Wapo watu ambao wakiulizwa hivyo wenyewe ndio huomba nafasi ya kusema, na wapo wanaochukia wasirudi. Urafiki wenu unaujua wewe.

Kama mna utaratibu wa kupitia matukio ya wagonjwa, mnaweza kulipeleka bila majina kabisa: taarifa ilitolewa mara mbili, haikupokelewa, wauguzi walikuwa wawili. Swali linakuwa mwanafunzi afanye nini ya tatu, na muuguzi mwenye glavu ajibu nini badala ya "subiri". Wapo watakaotambua ni nani anayesemwa, wodi ni ndogo. Lakini mazungumzo hayo ni tofauti na yale ya "wanafunzi wa siku hizi".

Na ile Jumanne. Umeitaja kwa mistari michache tu, ukapita haraka, lakini umekumbuka mpaka mama aliyecheka kitandani. Mwanangu, sisi wengi tulifundishwa hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi sista mmoja alinitupia kidney dishi, lile bakuli la chuma la kuwekea vifaa, miguuni, nikaapa sitamtendea mtu hivyo, na baadaye nikajikuta napaza sauti kwa maneno yaleyale ya sista. Tunadhani ukali unawakomaza wawe tayari kwa daktari mkali. Wapo wanaokomaa kweli, siwezi kukataa. Ila Neema, siku tisa baada ya kuambiwa anaongea kama mwomba nauli, alipata sababu ya kusema na alisema mara mbili. Mimi naona hapo ujasiri ambao sijui kama ningekuwa nao. Hujaniuliza kama umwombe radhi, na sitakujibu usichouliza. Nitauliza tu: ukiamua kumwomba, utaomba mkiwa wawili, au mahali palepale pembeni ya kitanda, wenzake wakisikia?

Ule ujumbe wake usiukalishe siku nyingine. Hahitaji upate majibu yote ndipo umwandikie. Mwambie tu aje kesho, na aje na ile karatasi.

Akija, mkalishe kwenye kiti kile cha ripoti, kile cha inchaji kama kipo wazi. Zima simu yako. Kisha mwombe akusomee alichoandika, kuanzia saa sita, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na wewe urudie kila namba baada yake kama mtu anayepokea zamu. Mapigo 92, presha 118 kwa 72, nimekupata. Mapigo 104. Nimekupata. Mkifika saa saba na nusu muulize anaomba nini, na usimkatize.

Wako,
Shangazi